Tahariri: Duka Lifunguliwe Saa Ngapi, na Nani Aliamua?



Wiki hii nilipanga kuandika habari nyingine kabisa. Nilikuwa na makala ya mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ambayo vijana tunatakiwa kupata asilimia nne, imeshafika nusu. Nimeiweka pembeni kwa sababu ya jambo lililotokea Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita, dukani kwa mama yangu.

Mama ana duka dogo la mtaani. Ni chumba kimoja cha mbele ya nyumba, dirisha la nondo, na ubao wa bei ulioandikwa kwa chaki. Anauza unga, mchele, sukari, majani ya chai, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, mkate na vocha. Duka hilo ndilo lililonisomesha. Sitautaja mji wala halmashauri, maana mama bado anauza palepale, na wanaompitia kila siku ni walewale.

Ijumaa jioni lilipita gari la matangazo. Kesho ni siku ya usafi, maduka yote yafungwe mpaka saa 4 asubuhi, atakayekaidi atachukuliwa hatua kali. Tumeshazoea. Mama akafanya kama anavyofanya kila mara: aliamka saa 11 alfajiri, akafagia mbele ya duka, akazibua mfereji wa mbele ya nyumba, akakusanya taka kwenye kiroba. Saa 12 na nusu alikuwa amemaliza. Akakaa ndani, mlango umefungwa, anasubiri saa 4.

Saa 1 kasoro akaja mtoto wa jirani, darasa la tatu hivi, ana noti ya elfu moja. Anataka sukari robo na majani ya chai ya mia. Baba yake ni bodaboda, anatoka saa 1 kamili, na nyumbani hakuna chochote cha kuweka kwenye chai. Mama hakufungua mlango. Alipitisha sukari dirishani, kwenye nondo. Mtoto hajamaliza kuhesabu chenji, wakatokea mgambo wawili na kijana mmoja mwenye daftari.

"Mama, umekaidi agizo. Faini elfu hamsini."

Nilikuwepo. Nikauliza kwa heshima zote: "Kaka, naomba kuona sheria ndogo inayosema hivyo." Yule mwenye daftari akaniangalia juu hadi chini. "Dogo, wewe mwanasheria? Hili ni agizo kutoka juu." Nikamuuliza juu wapi. Akanyoosha kidole juu kweli, kuelekea kwenye mwembe.

Mama akanikatisha. "Mwanangu, nyamaza." Akaingia ndani, akatoka na elfu ishirini iliyokunjwa. Wakaipokea, wakaondoka. Hakuna risiti, hakuna jina lililoandikwa kwenye daftari, hakuna kosa. Kiroba cha taka alichokusanya mama tangu alfajiri hawakukigusa. Mpaka naandika haya bado kipo pale pembeni ya mfereji, paka wameshakichana.

Sasa hebu tuzungumze.

Tulikotoka

Agizo hili halikuanza kwa ubaya. Novemba 2015, wiki chache baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 na kuagiza siku hiyo iwe ya kufanya usafi nchi nzima. Kipindupindu kilikuwa kinaua watu. Shilingi bilioni 4 zilizotengwa kwa ajili ya sherehe zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco jijini Dar es Salaam. Watu wengi walishangilia, pamoja na wapinzani. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi, na siku ile tulifyeka nyasi kuanzia asubuhi mpaka mikono ikatoka malengelenge, na tulikuwa na furaha.

Baada ya hapo ikaja Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi. Na kwenye miji mingi likaongezwa sharti: maduka yasifunguliwe mpaka usafi uishe, saa 3 sehemu nyingine, saa 4 sehemu nyingine. Wazo lake ni kwamba ukimfungia mtu duka, atashika ufagio, hana kisingizio.

Naomba nieleweke mapema, maana najua wapo watakaosema upinzani unatetea uchafu. Usafi tunautaka. Kipindupindu hakiulizi kadi ya chama, na kinaanza na watoto wa mitaa yetu kabla hakijafika kwa wenye maji ya chupa. Ninachokihoji ni kitu kimoja: nani ana mamlaka ya kumwambia mama yangu afungue duka saa ngapi, na mamlaka hayo yameandikwa wapi?

Gari la matangazo si Gazeti la Serikali

Nchi hii ina utaratibu wa jambo hili. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Lakini haisemi afisa aamke na mpango wake. Rasimu inaandaliwa, wananchi wanatangaziwa ili wenye maoni au pingamizi waseme, madiwani wanaipitisha, waziri mwenye dhamana anaridhia, kisha inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Hapo ndipo inakuwa sheria, na hapo ndipo mtu anaweza kuadhibiwa kwa kuivunja.

Halmashauri nyingi zina sheria ndogo za usafi wa mazingira. Zinamtaka kila mtu asafishe eneo lake na zinaweka adhabu kwa asiyefanya hivyo. Nyingine zina kifungu cha kufifilisha kosa, yaani ukikiri kosa kwa maandishi unalipa kiasi fulani badala ya kupelekwa mahakamani. Hayo yote yapo kwenye karatasi. Ila angalia tofauti: kosa hapo ni kutofanya usafi. Mama alikuwa ameshafanya usafi wake kabla jua halijachomoza. Alichotozwa ni kuuza sukari robo.

Kama kuna sheria ndogo ya mji wetu inayosema kuuza sukari saa 1 asubuhi siku ya Jumamosi ni kosa, ioneshwe. Nilikwenda ofisi ya mtendaji Jumatatu kuiomba. Niliambiwa nije Jumatano. Jumatano niliambiwa mwenye funguo za kabati yuko semina. Nitarudi tena, na safari hii nitakwenda na barua.

Wapo watakaosema serikali haiwezi kubanwa kiasi hicho. Mbona kwenye pombe inaweza? Saa za kufungua na kufunga baa zinatokana na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Mwenye baa anaomba leseni, anajua saa zake, na akiona ameonewa ana pa kwenda kulalamika. Unaweza usizipende saa zile, lakini unajua zimetoka wapi. Katiba yetu, ibara ya 22, inatambua haki ya kila mtu kufanya kazi. Ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa faida ya umma, afya ikiwemo, lakini kwa njia ya sheria. Sijaona mahali Katiba inapotaja kipaza sauti.

Na kwa nini hakuna anayeuliza? Kwa sababu watu wanaogopa, na wana sababu. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa, na mkuu wa mkoa anaweza kumweka mtu ndani hadi saa 48. Sheria hiyo ina masharti yake, lakini kilichobaki vichwani mwa watu ni ile "saa 48" tu. Mama yangu hajawahi kuisoma. Anachojua ni kwamba kijana anayebishana na watu wa serikali anaweza kulala mahabusu, na elfu ishirini ni nafuu kuliko kumtafutia mwanawe dhamana. Ndiyo maana aliniambia ninyamaze.

Hesabu ya dirishani

Kuna watu wanaolichukulia jambo hili kirahisi. "Saa nne tu bana, kwa mwezi mara moja." Haya, tupige hesabu.

Duka la mama linafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku. Hizo ni saa 15. Ukifunga mpaka saa 4 asubuhi, kwenye karatasi amepoteza saa 4 kati ya 15. Lakini aliyewahi kukaa dukani anajua saa hazilingani. Kuanzia saa 5 mpaka saa 10 jioni mtu anaweza kusinzia kaunta, anakuja mteja wa vocha na mtoto wa pipi. Duka la mtaani linaishi kwa vipindi viwili: asubuhi watu wanapotafuta chai, na jioni wanapotafuta mboga na unga. Nimepitia daftari la mama la miezi miwili. Siku ya kawaida, karibu nusu ya mauzo inaingia kabla ya saa 4 asubuhi. Kwa hiyo agizo hilo linachukua karibu nusu ya siku yake, na mkate uliokuja alfajiri haurudi kiwandani, maziwa hayasubiri.

Sasa faini. Sheria zetu za kodi zinasema mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Maana yake serikali yenyewe imekubali kwamba huyu ni mdogo mno, mwache apumue. Gawa milioni 4 kwa siku 365, unapata kama shilingi 11,000 kwa siku. Hayo ni mauzo, si faida. Faini ya elfu hamsini inachukua mauzo yake ya zaidi ya siku nne. Mkono mmoja wa serikali umemsamehe kodi, mkono mwingine unamnyang'anya dirishani. Na ile elfu ishirini isiyo na risiti haijaingia hata halmashauri. Imefagia mfuko wa mama tu, haijanunua hata toroli moja la kubebea taka.

Halafu tazama nani hasa anafungiwa. Supamaketi kubwa wateja wake wanaamka saa 4. Mfanyakazi wa ofisini Jumamosi amelala. Muuzaji wa jumla ameshamaliza kupakia magari tangu usiku. Agizo linasema "maduka yote," lakini anayeumia ni Mangi, ni mama yangu, ni kijana wa genge, ni mama ntilie ambaye supu yake ikifika saa 4 imekosa wenyewe. Anayeumia upande wa pili ni yule mtoto wa elfu moja. Watu wanaonunua kwa robo hawana akiba ya jana. Mwenye gunia la sukari ndani hawezi kujua kwamba duka limefungwa.

Na usafi wenyewe je?

Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Kama mama angepoteza nusu siku na mtaa ukawa safi, ningenyamaza. Nenda kaangalie mtaa wenu kesho yake.

Wananchi wanatoa tope na plastiki kwenye mitaro, wanalundika pembeni. Gari la taka haliji siku hiyo. Haliji Jumapili. Linakuja Alhamisi au haliji kabisa. Ikinyesha mvua ya usiku mmoja, lundo lote limerudi mtaroni, na mwezi unaofuata tunatoa taka zilezile. Nimekuwa nikifanya hivyo tangu niko sekondari, na kuna sandali moja ya bluu naamini nimeshaiokota mara tatu.

Wenye maduka wanalipa ada ya taka. Wanalipa leseni ya biashara. Mwaka 2018 machinga waliuziwa vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila mmoja wakiahidiwa wasisumbuliwe, na mwaka 2021 wengi wao wakaondolewa kandokando ya barabara. Wamelipa, wamehama, wamefagia. Wajibu wa mwananchi ni kukusanya taka, wajibu wa halmashauri ni kuzichukua. Upande mmoja unapigwa faini ukichelewa. Upande wa pili ukichelewa siku tano anapigwa faini nani?

Saa zinageuzwa wanavyotaka

Kinachonishangaza ni jinsi serikali hii inavyobadilisha msimamo juu ya saa za kazi kulingana na upepo.

Kaulimbiu ya 2015 ilikuwa Hapa Kazi Tu. Mwaka 2020, corona ilipoingia na majirani wakafunga miji, serikali ya CCM ilikataa kufunga nchi. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba watu lazima wafanye kazi. Tulikuwa na ugomvi mkubwa nao kuhusu kuficha takwimu za ugonjwa, na ugomvi huo haujaisha. Lakini ile hoja ya kwamba mtu wa kawaida anaishi kwa anachopata leo ilikuwa na ukweli ndani yake. Kwa nini ukweli huo unasahaulika kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi?

Mwanzoni mwa mwaka 2025 uongozi wa Mkoa wa Dar es Salaam ukazindua biashara ya saa 24 Kariakoo. Taa zikawekwa, viongozi wakahutubia, tukaambiwa jiji halilali. Sawa, ni jambo jema. Ila ina maana gani kusema duka la Kariakoo linaruhusiwa saa 8 usiku, halafu duka la mtaani haliruhusiwi saa 1 asubuhi? Zote zinaitwa biashara, na zote ni za Watanzania.

Halafu ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi. Jioni ile polisi walitangaza kwamba watu wa Dar es Salaam wasitoke nje kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, na intaneti ikazimwa. Yaliyotokea siku zile ni makubwa kuliko duka, na waliopoteza ndugu zao wanastahili haki kwanza. Sitaki kuyafanya mfano wa bei ya sukari. Nasema hili moja tu. Dada yangu ana genge Dar. Alinisimulia kwamba saa 12 jioni ndiyo saa yake ya kuuza, na ndiyo saa ambayo wateja wake, wanaolipwa kwa siku, wanapata hela ya kununulia. Aliuza kidogo kidogo mchana kwa watu waliokuwa wanakopa, nyanya nyingine akazimwaga. Aliniambia: "Mdogo wangu, sikujua kama saa zangu ni za serikali." Sentensi hiyo imekaa kichwani mwangu tangu siku ile. Tukizoea kufungiwa maduka kwa kipaza sauti kwa ajili ya ufagio, hatutashtuka tukifungiwa kwa ajili ya jambo lolote.

Majirani wanafanyaje

Wenye agizo hili hupenda kutaja Rwanda, na wana haki. Umuganda ya Rwanda inafanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, na maduka yanafungwa. Lakini wanaoitaja husahau kutaja mambo mawili. Kwanza, ile iko kwenye sheria iliyoandikwa, si kwenye gari la matangazo. Pili, kazi ikiisha watu wanakaa pamoja na kuzungumza mambo ya mtaa wao. Sisi usafi ukiisha tunakaa na nani? Rwanda ina matatizo yake ya uhuru wa watu kusema, siwezi kuificha hiyo. Ila ukitaka kuiga, usiige faini ukaacha karatasi.

Kenya nao walikuwa na amri ya kutotoka nje usiku kuanzia Machi 27, 2020, na iliwaumiza sana wenye vibanda na maduka. Lakini amri ile ilichapishwa rasmi, kwa hiyo kulikuwa na kitu cha kupeleka mahakamani. Chama cha Wanasheria wa Kenya kikaenda. Aprili 2020 Mahakama Kuu ikasema amri yenyewe ilikuwa halali, lakini nguvu isiyo ya lazima iliyotumiwa na polisi ilikuwa kinyume cha katiba. Wakenya hawakushinda yote. Walipata majibu, na walijua wanabishana na karatasi gani. Mimi nabishana na kidole kilichonyooshwa kwenye mwembe.

Kama mnataka kupanga saa, anzieni hapa

Nisieleweke kwamba serikali isiguse kabisa saa za maduka. Ipo sehemu inayotakiwa kuzigusa na haigusi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na anayefanya kazi usiku alipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa ya usiku. Sasa nenda Kariakoo, au mtaa wowote wa maduka nchini, uwaulize vijana wanaouza. Anafungua saa 2 asubuhi, anafunga saa 4 usiku, siku sita au saba kwa wiki, analipwa kwa mwezi kiasi ambacho bosi anaona inafaa. Mkataba hana. Nyongeza ya usiku hajawahi kuisikia. Hao ni vijana wenzetu, wengi wana vyeti.

Kwa hiyo saa ambazo zimeandikwa kwenye sheria ya Bunge hazikaguliwi, na saa ambazo hazijulikani zimeandikwa wapi zinakaguliwa na mgambo wawili alfajiri. Ukipewa biashara ya saa 24 bila mkaguzi wa kazi, umempa mwenye duka usiku wa yule kijana bure.

Tunachodai

Kwa kuwa hii ni tahariri na si malalamiko ya kijiweni, nayaweka madai yetu wazi.

Moja, kila halmashauri inayofunga maduka siku ya usafi ibandike sheria ndogo inayoiruhusu kwenye ofisi ya kata na ya mtaa, na namba yake ya tangazo kwenye Gazeti la Serikali. Isiyo nayo iache kutoza mara moja.

Mbili, aliyefagia eneo lake aruhusiwe kufungua. Kinachotakiwa ni mtaa safi, na mtaa safi unaonekana kwa macho. Mjumbe apite saa 1, aone, aseme ndiyo au hapana.

Tatu, maduka ya dawa, vyakula, mkate na maziwa yasifungwe kabisa. Mgonjwa na mtoto hawasubiri saa 4.

Nne, hakuna hela ya faini kushikwa mkononi. Ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti itoke papo hapo. Mgambo asiye na kitambulisho na karatasi ya kosa hana kazi dukani kwa mtu.

Tano, gari la taka lipite siku hiyohiyo ya usafi. Lisipopita, mwezi unaofuata hakuna kufunga duka.

Na kwetu wenyewe pia nina neno. Tuliwahi kuwa na diwani wa chama chetu kwenye kata hii. Agizo lilikuwepo, faini zilikuwepo, naye hakuligusa, kwa sababu siku ya usafi ni siku nzuri ya kupiga picha umeshika reki. Mimi mwenyewe nina picha hiyo, nimevaa fulana ya chama, na nyuma yangu unaonekana mlango wa Mangi umefungwa. Wakati ule sikuuona mlango ule. Tukirudi kwenye vikao vya halmashauri, tusije tukawa watu wa kubadilisha rangi ya fulana tu huku kipaza sauti ni kilekile.

Ombi langu kwenu ni dogo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu fagieni mapema, fagieni vizuri, msiwape sababu. Akija mtu wa kutoza, mwambieni kwa upole aoneshe sheria ndogo na atoe risiti. Msitukane, msishikane mashati. Andikeni tarehe, saa, na kiasi kilichotolewa. Mkutano wa mtaa ukiitwa, nendeni mkayasome hayo mbele ya mwenyekiti na mtendaji. Mtu mmoja akiuliza anaitwa mkorofi. Wakiuliza arobaini, mtendaji atatafuta funguo za kabati.

Nilimsomea mama makala hii kabla ya kuiweka hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, akaniuliza kama nimetaja jina lake. Nikamwambia hapana, mama. Akasema basi iweke. Halafu akaniuliza tena, hivi kama hiyo sheria ipo kweli, ni ya saa 3 au ya saa 4?

Mama yangu ana miaka zaidi ya ishirini dukani. Alistahili kujua jibu hilo kabla ya kulipa elfu ishirini.

Mapambano yanaendelea.